Sukari na Feza: Mambo Yaliyofichwa Miaka Hamsini

Sukari ni kitu cha watu wote. Hakuna mtoto anayeikataa, na mgeni akipewa chai bila sukari huona hakupokewa vizuri. Hatuandiki ili kuitukana sukari. Twataka kueleza namna wafanya biashara wa Marekani walivyoongoza mawazo ya watu juu yake, na kwa nini habari hiyo yatuhusu sisi pia.

Kwanza yafaa tujue nyakati zile zilikuwaje. Baada ya vita kuu ya pili, ugonjwa wa moyo uliua watu wengi sana katika Marekani. Mwezi wa Septemba 1955 Rais Eisenhower mwenyewe alipatwa nao, na nchi nzima ikauliza: Ni chakula gani kinachotuharibu mioyo? Wataalamu hawakupatana. Wengine, kama Ancel Keys wa Minnesota, walishitaki mafuta, hasa ya nyama na ya maziwa. Wengine, kama John Yudkin wa London, walishitaki sukari. Shauri hilo lilikuwa bado kukatwa.

Wenye biashara ya sukari walikuwa na chama chao tangu mwaka wa 1943, jina lake Sugar Research Foundation. Kazi yake ilikuwa kulipia uchunguzi juu ya sukari. Mwaka wa 1954 mkubwa wa chama, Henry Hass, aliwapigia wenzake hesabu: Wamarekani wakipunguza mafuta, watatafuta kitu kingine cha kujaza nafasi yake, na sukari itaweza kuliwa zaidi kwa sehemu moja ya tatu na kupita. Mwaona? Watu walitafuta afya. Wao walitafuta soko.

Tarehe 11 Julai 1965 gazeti moja la New York lilijaza ukurasa mzima na habari za wataalamu waliosema kwamba sukari yaweza kuharibu moyo. Siku mbili tu zikapita, chama kikakubali kulipia kazi mpya. Wataalamu wa chakula wa Universite ya Harvard waliombwa wasome uchunguzi wote uliokwisha kufanywa, waupime, waandike hukumu. Malipo yao yalikuwa dolari 6,500, maana yake karibu dolari 50,000 kwa samani ya mwaka wa 2016. Chama kilieleza kinataka nini, kilileta maandiko ya kupimwa, tena kilisoma kazi kabla haijachapwa.

Mwaka wa 1967 kazi hiyo ilitokea katika gazeti kubwa la waganga, New England Journal of Medicine. Uchunguzi ulioshitaki sukari ulipimwa kwa ukali, ule ulioshitaki mafuta ulipimwa kwa upole. Hukumu ikawa kwamba dawa ni kubadili mafuta tu. Nani aliyelipa? Hakuna neno hata moja. Siku zile gazeti hilo halikuwalazimisha waandishi kutaja habari hiyo. Sheria ilikuja mwaka wa 1984.

Haikuishia hapo. Mwaka wa 1968 chama hicho kilimlipa mtaalamu wa Birmingham, Uingereza, ajaribu sukari kwa panya. Dalili za kwanza zilionyesha kwamba sukari huongeza mafuta katika damu. Akaomba muda kidogo ili amalize. Mwaka wa 1970 feza zikakatwa, na matokeo hayakutangazwa. Wakati huohuo matangazo katika magazeti ya Marekani yaliwashauri watu wanaoogopa kunenepa wale kitu kitamu kabla ya chakula, eti njaa ipungue!

Siri ilifunuliwa na Cristin Kearns, mganga wa meno. Alitafuta barua za kale za chama katika maktaba, akazisoma moja moja. Yeye na wenzake wa San Francisco walizitangaza mwaka wa 2016. Maprofesa wale wa Harvard walikuwa wamekwisha kufa.

Lazima tuseme haki. Barua hizo hazionyeshi kwamba maprofesa walibuni uongo. Mawazo yao juu ya mafuta walikuwa nayo tangu mbele. Tena mafuta mengi ya nyama yadhuru moyo kweli, hata waganga wa leo wasema hivyo. Basi mtu asisome habari hii akakimbilia mafuta. Kosa ni jingine: mwenye kesi alimlipa mwamuzi kwa siri, na watu wakaisikia hukumu kama kwamba haina mwenyewe.

Mwaka wa 2003 Shirika la Afya la Ulimwengu lilitaka kushauri kwamba sukari isipite sehemu 10 kwa 100 za nguvu tunazopata katika chakula. Wenye sukari wa Marekani waliandika barua ya kutisha: wataomba serikali yao ilinyime Shirika feza. Shauri likatangazwa vilevile. Mwaka wa 2015 likatolewa tena, na nyongeza: ni vizuri zaidi kubaki chini ya sehemu 5, ndiyo gramu 25 hivi kwa siku, vijiko vidogo 6. Sukari ya matunda yanayoliwa mazima haihesabiwi. Lakini kopo moja la soda ya kola, la santilita 33, lina karibu gramu 35. Mtoto akilinywa lote, amekwisha kupita kipimo hicho kabla ya chai ya jioni.

Basi, wazazi, mkisikia katika redio ao mkiona ukutani kwamba kinywaji fulani chaleta nguvu na furaha, ulizeni maneno matatu: Nani asema? Nani amemlipa? Auza nini? Kisha hesabuni vijiko.