Mchanga Uliofutwa Daftarini

Katika Kiingereza yako maneno mawili madogo, "write off", yanayowatatiza sana wanafunzi wetu. La kwanza ni kuandika, la pili ni kutoka au kando; lakini yakiwekwa pamoja maana yake ni kufuta. Asili yake ni daftari ya hesabu. Mwenye duka akiona deni halitalipwa kamwe, huliandika kuwa hasara, asilidai tena. Baadaye neno likatumika kwa gari lililovunjika lisilofaa kutengenezwa, na mwisho kwa watu. Si sawa na kupuuza. Maana apuuzaye leo huenda akasikiliza kesho, bali huyu amekwisha kufunga daftari.

Sisi wa Makongolosi twalo fundisho la neno hili mbele ya macho yetu. Dhahabu ya Lupa ilivumbuliwa mwaka 1922, na katika miaka ya 1930 watu walimiminika huku, hata vijana wa Unyakyusa walikuja kutafuta mshahara. Mwaka 1956 mgodi mkubwa wa Saza ulifungwa, na wengi wakadhani Lupa imekwisha. Lakini wachimbaji wadogo walibaki na sululu na karai zao. Nao mchanga uliokwisha kuoshwa kwa zebaki, ukatupwa kama takataka, leo huitwa marudio, na watu huununua kwa fedha. Kwa sianidi, dawa yenye sumu kali, hutolewa dhahabu ambayo zebaki iliiacha. Basi dhahabu ilikuwamo siku zote; waliohesabu walihesabu kwa vyombo walivyokuwa navyo.

Hapana budi sisi walimu tukiri kosa letu. Mtoto akishindwa hesabu mara mbili, twaandika katika taarifa yake kwamba hafai. Mzazi asomapo hayo huona gharama za shule ni hasara tupu, na mtoto huacha shule, akaenda kuosha mchanga. Pengine hakuona vema ubaoni, au alikuja na njaa, au sisi hatukueleza vizuri.

Kufuta deni la duka si kosa, kwa kuwa fedha iliyopotea imepotea. Lakini mtoto hajamaliza kukua. Yafaa basi, kabla ya kuandika neno lile, mzazi na mwalimu wakae pamoja, wamwite mtoto, wamwulize limshindalo ni nini, kisha wajaribu njia nyingine.