Kazi ya usiku na utunzaji wa jamaa: sheria ya Japani inasema nini

Muuguzi anakesha hospitalini akihudumia wagonjwa wa watu wengine, huku mama yake mzazi amelala nyumbani bila mtu wa kumgeuza kitandani. Katika nchi nyingi shida hii huachwa kwa huruma ya mkubwa wa kazi. Japani imeiandika katika sheria.

Asili yake

Sheria ya likizo ya kulea watoto ilipitishwa Japani mwaka 1991. Mwaka 1995 ilipanuliwa ili iguse pia utunzaji wa wagonjwa na wazee wa jamaa. Wakati huo, sheria ya kazi iliwakataza wanawake wengi kufanya kazi usiku. Katazo hilo liliondolewa Aprili 1999, ili wanawake wapate nafasi sawa na wanaume kazini. Lakini wenye watoto wadogo au wagonjwa nyumbani wangeumia. Ndiyo maana mwezi huohuo haki mpya ilianza kutumika, kwa wanaume na wanawake sawasawa.

Nani anaweza kuomba?

- Mfanyakazi mwenye mtoto ambaye hajaanza shule ya msingi.
- Mfanyakazi mwenye jamaa anayehitaji kutunzwa wakati wote kwa majuma 2 au zaidi, kwa sababu ya ugonjwa, jeraha au ulemavu. Jamaa hao ni mume au mke, wazazi, wakwe, watoto, ndugu, babu na bibi, na wajukuu.

Nani hahesabiwi?

- Aliyeajiriwa kwa muda usiofika mwaka 1.
- Anayefanya kazi siku 2 au chini yake kwa juma.
- Anayeishi na jamaa mwingine wa miaka 16 au zaidi anayeweza kutunza usiku.
- Yule ambaye saa zake zote za kazi ni za usiku. Kwa hiyo mlinzi wa usiku, ambaye pengine ana shida kubwa kuliko wote, anabaki nje.

Utaratibu

Mfanyakazi anaomba angalau mwezi 1 kabla. Anataja siku ya kuanza na siku ya kumaliza. Muda ni kuanzia mwezi 1 mpaka miezi 6, na anaweza kuomba tena. Katika muda huo mwajiri hawezi kumfanyisha kazi kati ya saa 4 usiku na saa 11 alfajiri. Mwajiri anaweza kukataa ikiwa ombi litazuia kazi kuendelea kwa kawaida. Lakini hana ruhusa ya kumfukuza au kumtesa mtu kwa sababu ameomba.

Na kwetu Kongo?

Sheria ya kazi ya tarehe 16 Oktoba 2002 inaita kazi ya usiku ile inayofanywa kati ya saa 1 jioni na saa 11 alfajiri. Shirika la Kazi la Kimataifa nalo lina mikataba miwili inayohusu jambo hili: namba 156 ya mwaka 1981, juu ya wafanyakazi wenye majukumu ya jamaa, na namba 171 ya mwaka 1990, juu ya kazi ya usiku.

Makanisa yetu ni waajiri: tuna hospitali, vituo vya afya, shule na walinzi. Hakuna kinachozuia kamati kuandika jambo kama hili katika kanuni za ndani za kazi. Ugumu upo. Kituo chenye wauguzi wawili tu kikimpumzisha mmoja, usiku wote unamwangukia mwenzake. Mwezi 1 wa kutoa habari mapema unasaidia hapo: unawapa wakuu nafasi ya kupanga zamu upya au kutafuta mtu wa kusaidia, na mwenzake hashtukizwi.

Kabla ya kupanga zamu za mwezi ujao, wakuu wamuulize kila mfanyakazi: usiku ukiwa kazini, nani anabaki na mgonjwa wako? Na walinzi waulizwe pia.