Kabla ya Ukabila Kulikuwa na Deni la Mashamba

Ugomvi wa Rais Jomo Kenyatta wa Kenya na makamu wake, Jaramogi Oginga Odinga, husimuliwa kama ugomvi wa Mkikuyu na Mjaluo. Wanaousimulia hivyo humsahau Bildad Kaggia, mbunge wa Kandara, Mkikuyu aliyeshtakiwa na wakoloni huko Kapenguria na kufungwa pamoja na Kenyatta.

Baada ya uhuru wa 1963, serikali ilinunua mashamba ya walowezi kwa mikopo, mingi kutoka Uingereza, ikayagawa kwa Waafrika ambao walitakiwa kuilipa. Kaggia hakuona kwa nini mtu auziwe ardhi aliyonyang'anywa babu yake. Juni 1964 akapoteza unaibu waziri wa elimu.

Chama tawala, KANU, kikagawanyika. Kina waziri Tom Mboya walitaka uchumi ukue kwanza. Waraka wa serikali nambari 10 wa 1965, ingawa ulijiita wa Ujamaa wa Kiafrika, ulielekeza fedha kwenye maeneo yenye rutuba na barabara. Yaani aliye nacho aongezewe. Kina Odinga na Kaggia walitaka wasio na ardhi wapewe bure. Mpangaji wao mkuu, Pio Gama Pinto, alipigwa risasi Nairobi Februari 1965.

Aprili mwaka huohuo Kenyatta alimfuata Kaggia kwao Kandara, akamkejeli mbele ya umati: wenzako tuliofungwa nao wana mashamba na biashara, wewe umejifanyia nini? Swali hilo linaieleza Kenya ile kuliko waraka wowote. Mwanasiasa ambaye hakujitajirisha alihesabiwa mvivu.

Machi 1966, mkutano wa KANU huko Limuru ukafuta cheo cha Odinga chamani. Akajiuzulu umakamu wa rais, akaongoza chama kipya cha upinzani, KPU. Katiba ikabadilishwa mbiombio, wabunge waliohama KANU wakarudishwa kwa wapiga kura. Juni, KPU ilipata kura nyingi kuliko KANU, lakini viti 9 tu kati ya 29, vingi vikiwa Nyanza, kwao Odinga. Kaggia, aliyehamia KPU, alianguka Kandara, na tangu hapo ikawa rahisi kusema hiki ni chama cha Wajaluo. Kilipigwa marufuku Oktoba 1969.

Miaka ya 1970, J.M. Kariuki, mbunge wa Nyandarua Kaskazini, aliifufua hoja ya wasio na ardhi. Yeye hakuna ambaye angemwita mvivu: alikuwa na mashamba, hata farasi wa mbio. Aliuawa Machi 1975, mwili wake ukapatikana Ngong.