Jina la Mmea na Sumu Yake: Funzo la Brussels

Mwaka 1990, kliniki moja ya kupunguza unene jijini Brussels ilianza kuwapa wateja dawa yenye mizizi kutoka China. Mwaka 1993, daktari Jean-Louis Vanherweghem na wenzake walitangaza kwamba figo za wanawake walioitumia zilikuwa zimeharibika. Baadaye wagonjwa walizidi 100. Chanzo kilikuwa jina. Mahali pa Stephania tetrandra, iitwayo fangji kwa Kichina, palikuwa pametiwa Aristolochia fangchi, iitwayo guang fangji.

Neno Aristolochia lenyewe, kwa Kigiriki, husifu uzazi mwema, kwani Wagiriki wa kale waliwapa mmea wa jamii hiyo wanawake wajifunguao. Lakini sifa ya kale si ushahidi wa usalama. Maabarani, seli za figo za binadamu huoteshwa, hutiwa dondoo kwa vipimo mbalimbali, kisha zilizo hai huhesabiwa. Asidi ya mmea huo ilipojaribiwa hivyo, iliziua.

Hata hivyo, jaribio hilo hujibu kuhusu mmea uliotiwa tu. Katika Kongo, ambako mmea mmoja hubeba majina mengi kwa lugha mbalimbali, kazi ya mwanaisimu yapasa kutangulia ile ya mwanakemia.