Dakika 90 Zinabaki kwa Wazee

Mwaka 1979, Peter Tino alipoifunga Zambia mjini Ndola na kuipeleka Taifa Stars kwenye Kombe la Mataifa ya Afrika la 1980 kule Lagos, Watanzania wa Bara hawakuliona bao lile. Walilisikia. Zanzibar ilikwisha kuwa na televisheni ya rangi, lakini huku Bara mpira ulikuwa sauti ya mtangazaji wa redio, na betri zilizoanikwa juani mchana ili zisizime kabla ya filimbi ya mwisho.

Televisheni Bara ilianza 1994. Runinga zilikuwa za kuhesabika, hivyo mtaa ulihamia kwa aliyenayo: wakubwa kwenye makochi, watoto sakafuni, waliochelewa dirishani. Madishi ya kulipia yalipoenea, vikashamiri vibanda umiza: mabati juu, mabenchi ya mbao, ubao wa chaki mlangoni wenye ratiba ya siku, na kijana anayepokea kiingilio. Jina linajieleza. Joto na msongamano viliumiza kweli, lakini watu walivumilia hadi mwisho, na humo ndimo wengi walimoijua Ligi Kuu ya Uingereza. Mwishoni mwa 2013 ikaanza Azam TV, na ligi yetu nayo ikapata makao kwenye runinga.

Mtoto aliyekaa sakafuni 1994 leo ni mzazi, na ndiye anayelipia king'amuzi. Mwanawe yuko pembeni yake, macho kwenye simu: anafuatilia matokeo ya mechi tano za mkeka wake wa kubashiri, na bao atalitazama baadaye, kwa nusu dakika. Mabadiliko haya si yetu peke yetu. Huko Marekani, utafiti uliotangazwa 2017 ulionyesha kuwa nusu ya watazamaji wa besiboli ya televisheni walikuwa na miaka 57 au zaidi.

Kijana hana kosa. Baba yake naye aliiacha redio ya babu. Ila klipu humwonyesha bao tu. Haimwonyeshi jasho la dakika 80 za kulitafuta, wala haimkalishi bega kwa bega na jirani anayeshangilia timu nyingine. Ushabiki wetu ulizaliwa kwenye kukaa pamoja.

Basi wenye ving'amuzi, siku ya Simba na Yanga acheni mlango wazi. Mtoto wa jirani akichungulia, msogezeeni nafasi akae.