Timu ya Wasiosoma Pale

Kila nikisoma habari za michezo ya Marekani, kuna jambo hunisumbua: inakuwaje mtu ashabikie maisha yake yote timu ya chuo ambacho hajawahi kukanyaga darasa lake hata siku moja? Simba na Yanga nazielewa. Mtu anarithi kwa baba, anarithi kwa mtaa. Lakini timu ya wanafunzi?

Jibu lililoniridhisha nimelikuta katika mwaka 1924, kwenye chuo kimoja tu: Notre Dame, huko South Bend, jimbo la Indiana.

Chuo hicho kilianzishwa mwaka 1842 na padri Mfaransa, Edward Sorin. Mpira wao si kandanda yetu, ni ule wa Kimarekani wenye umbo la yai, wa kubeba mikononi na kuangushana. Sasa, miaka ya 1920 Indiana ilikuwa ngome ya Ku Klux Klan, na tusije tukadhani Klan waliwachukia Weusi peke yao. Wayahudi walikuwemo, wahamiaji walikuwemo, na Wakatoliki pia, kwa sababu eti utii wao uko kwa Papa na si kwa Marekani. Tarehe 17 Mei 1924 Klan wakaitisha mkutano South Bend. Wanafunzi wa Notre Dame wakashuka mjini, wakawavua majoho yao meupe, wengine wakawasukumia garini warudi walikotoka. Mwezi huohuo Rais Calvin Coolidge akatia saini sheria ya uhamiaji iliyowabania mlango watu wa kusini na mashariki mwa Ulaya.

Hebu jiweke mahali pa Mpolandi wa kiwanda cha chuma Chicago, au binti wa Kiairishi anayefua nguo za watu Boston. Nchi nzima imekwambia hutakiwi. Halafu msimu unaanza, na timu ya kile chuo cha mapadri inacheza mechi 10 na kushinda zote 10. Kocha ni Knute Rockne, mhamiaji kutoka Norwei (na wakati huo hata Mkatoliki hakuwa). Walipowafunga West Point, chuo cha kijeshi, pointi 13 kwa 7 mjini New York, mwandishi Grantland Rice akawapa wachezaji wanne jina la wapanda farasi wa Kitabu cha Ufunuo. Jina likadumu kuliko mbio zao. Sisi wapenzi wa maandishi tuna haki ya kujivunia hilo kidogo.

New York mashabiki wa namna hii waliitwa wahitimu wa treni ya chini. Walipanda treni kwenda kuitazama Notre Dame ikipambana na West Point, na hiyo ndiyo ilikuwa safari yao yote ya chuoni.

Tarehe 6 Novemba 1928, Mkatoliki Al Smith alishindwa vibaya katika uchaguzi wa urais. Siku nne baadaye, Yankee Stadium, Notre Dame ikawafunga West Point 12 kwa 6. Naamini ushabiki wote umo ndani ya siku hizo nne. Kwenye kura Wakatoliki walikuwa wachache, na wachache hawana la kufanya. Uwanjani ni 11 kwa 11, mpinzani ni chuo cha jeshi lenyewe la taifa, na pointi zinahesabiwa watu wote wakiona. Mtu akitoka pale anatembea barabarani kama mwenye nyumba. Hata lile jina la Waairishi Wapiganaji, ambalo wengi walilitumia kama tusi, chuo kilikuwa kimeshalifanya rasmi mwaka 1927, na Mpolandi wetu akalivaa bila kuuliza.

Ila nyumba hiyo nayo ilikuwa na komeo. Mwanafunzi wa kwanza Mweusi, Frazier Thompson, aliingia mwaka 1944, miaka 20 baada ya yale majoho kuchanwa. Na wala hakuletwa na mpira. Alikuja kwa mafunzo ya jeshi la wanamaji, vita ikiendelea.