Bendi ni Kazi ya Shifti

Wasee, wiki jana niliweka klipu ya "Embakasi" ya Les Mangelepa, na komenti ya kwanza ikawa: "Hii ni ya kina guka." Sawa. Lakini hebu niwaambie kitu kuhusu hao kina guka.

Mwaka wa 1976, wanamuziki kadhaa Wakongo walimwacha mdosi wao hapa Nairobi. Mdosi mwenyewe alikuwa Baba Gaston, aliyetoka Kongo na bendi yake, akapitia Dar es Salaam, kisha akaingia Kenya katikati ya miaka ya sabini. Waliotoka kwake wakaunda Les Mangelepa. Na Embakasi ni hapo tu, ukipanda matatu hapa EPZ ukielekea tao unaipita. Uwanja wa ndege uliitwa hivyo kabla haujapewa jina la Jomo Kenyatta.

Sasa, kuna kitu klipu haiwezi kukuonyesha. Nyimbo nyingi za wakati huo zilikuwa na sehemu mbili. Kwanza polepole, waimbaji wanatoa hadithi. Halafu tarumbeta zinaingia, magitaa yanashika kasi, na hapo ndipo watu huinuka. Shida ni kwamba santuri ndogo ya 45 ilibeba dakika nne, tano hivi kila upande. Kwa hivyo wimbo ulikatwa katikati: hadithi upande wa kwanza, densi upande wa pili. Ilibidi mtu aende kugeuza sahani ndipo raha iendelee. Kwa jukwaa hakuna kugeuza. Kama watu bado wanacheza, mpiga solo hasimami, na bendi nzima inamfuata mpaka mashati yalowe. Ndiyo maana nasema santuri ilikuwa tu tangazo la wimbo. Wimbo wenyewe ulikuwa Garden Square na klabu kama hizo, usiku.

Pia pesa ilikuwa huko. Kaseti feki zilipojaa mitaani, msanii angefanya nini? Anapiga shoo leo, anapiga kesho. Hiyo ni shifti kabisa, tofauti ni kwamba kiwanda kina taa za rangi.

Halafu miaka ya themanini ikawa mibaya. Serikali ilibana vibali vya kazi vya wanamuziki wa kigeni. Super Mazembe, wale wa "Shauri Yako", walivunjika 1985. Madisko nayo yakaja, na mwenye klabu akapiga hesabu: dijei mmoja ni rahisi kulipa kuliko watu kumi na ala zao. Mangelepa hawakupona bila majeraha, lakini hawakushuka jukwaani. Wengine walienda, wengine walifariki, wapya wakaingia, na jina likavuka hadi karne hii.

Nilimsomea mathe hiyo stori ya vibali. Yeye ni wa chereheni hapa EPZ, miaka mingi, kandarasi fupi juu ya kandarasi fupi. Kila AGOA ikitajwa kwa habari anaongeza sauti ya redio. Alicheka kidogo, akasema, "Kumbe hata wao walikuwa wanangoja kuitwa ofisini."

Mimi niliwahi kudhani zilizopendwa ni muziki wa kuchomea nyama. Mpaka siku moja bendi fulani, hata si Mangelepa, ilipiga "Embakasi" kwa klabu hapa Mombasa Road. Tulikuwa watu kama ishirini. Ilipofika ile sehemu ya pili, mathe, ambaye hulalamika mgongo kila jioni, aliniachia kibeti chake na kuenda mbele. Nilihesabu dakika kwa simu: kumi na nne, na walikuwa bado.

Ijumaa bendi inarudi. Mathe anatoka kazini saa kumi na moja. Nimeshamwambia asivue viatu.